Nilipokwenda Kutafuta Jua la Kuanikia

Mume wangu alikuwa dobi. Kazi hiyo alijifunza Pangani, na Mdachi mmoja, yaani Mjerumani, ambaye mume wangu alimfulia nguo, alipohamishiwa Arusha, alimwambia amfuate. Mimi wakati huo sikuwa nimetimiza mwaka katika ndoa. Tulipanda bara pamoja na msafara, siku nyingi za miguu, tukapata chumba cha kupanga nyuma ya duka, si mbali na Boma, ngome ya Wadachi. Paa lake lilikuwa la bati. Kwetu tulilala chini ya makuti, kwa hiyo niliona tumepanda daraja.

Tulifua nguo za askari na za Wazungu wachache: kaki, mashuka, vitambaa vya meza, na yale makoti meupe ambayo sikuwahi kuelewa kwa nini mtu anayekaa kwenye tope ayavae. Mume wangu alifua mtoni juu ya mawe mapana. Mimi nilianika, nikaanua, nikapiga pasi. Anayedhani kufua ni sabuni na nguvu za mikono hajawahi kufua nguo za watu. Shughuli ni kukausha, na kukausha hakuko mikononi mwako. Pwani hatukuwaza hilo. Nguo iliyoanikwa asubuhi ilikuwa tayari kwa pasi kabla ya adhuhuri.

Tulifika Arusha wakati wa jua, nikaona mambo ni yale yale. Masika yakaja, tukahangaika kama madobi wote wanavyohangaika, nikajipa moyo kwamba mvua itakwisha. Ikaisha kweli, na shida ikaanza hapo.

Hakuna aliyekuwa ameniambia habari za Juni na Julai chini ya Meru. Mvua ya kusema ni mvua hainyeshi. Wingu linashuka tu, linakaa. Asubuhi mlima huuoni, adhuhuri huuoni, alasiri unauona kidogo kisha unafunikwa tena. Nguo zilining'inia kwenye kamba zikiwa nzito kama zilivyotoka mtoni. Siku ya tatu zilianza kunuka uvundo, na uvundo hautoki mpaka ufue upya, kwa hiyo tulifua upya nguo ambazo hazijawahi kukauka, tukaanika tena chini ya wingu lile lile.

Nikaamua kukaushia ndani. Nilifunga mlango na dirisha, nikawasha makaa kwenye karai, nikatandaza nguo juu ya kamba tatu, huku nikipiga pasi zile zilizoanza kukauka. Mvuke ulijaa chumbani mpaka nikawa sioni ukuta wa pili. Nilifurahi, nikadhani nimeshinda. Asubuhi moja nilikuwa nimemaliza koti jeupe la bwana mkubwa, nimelitia wanga, nimelikunjua juu ya meza, limesimama kama ubao. Tone likadondoka begani pake. Nikatazama juu. Bati lote lilikuwa limejaa matone, nje baridi, ndani joto, na kila tone lilikuwa limeshika masizi ya makaa yetu. Kabla sijalivuta koti, matone mengine matatu yakaanguka, meusi. Maji niliyoyafukuza kutoka kwenye nguo yalikuwa yamekwenda hatua mbili tu, yakagota kwenye bati, yakarudi.

Mume wangu alilipeleka koti likiwa limechelewa siku mbili na lina madoa ambayo sikuweza kuyaondoa yote. Aliporudi akasema, "Amelitupa chini. Askari akanitafsiria kwamba wiki ijayo yakitokea tena, nitalazwa, nipigwe viboko ishirini na tano."

"Ulimwambia habari za wingu?"

"Ningemwambiaje? Mimi ndiye dobi. Wingu si dobi."

Tangu siku hiyo akawa anakwenda mtoni kabla hakujapambazuka sawasawa, ili nguo zipate mchana mzima kwenye kamba hata kama mchana wenyewe hauna jua. Yale maji yanatoka mlimani. Ukiingiza mguu unahisi mfupa. Alisimama ndani mpaka magotini siku kumi hivi, kisha kifua kikambana. Kichomi kilimlaza. Alikuwa akipumua kama mtu anayepanda ngazi, na mimi nikawa nafua, naanika, napiga pasi, namchemshia uji, na usoni najifanya sina hofu.

Aliyeniokoa ni mama mmoja muuza maziwa. Alikuwa Mwarusha, mtu mzima, mwenye wajukuu, na alikuja sokoni kila baada ya siku moja na punda wake aliyebeba vibuyu. Nilinunua kwake maziwa ya mgonjwa. Siku moja nilipoinama kupokea kibuyu niliona miguu yake. Sote pale sokoni tulikuwa na tope mpaka kwenye vifundo. Yeye tope lilikuwa kwenye nyayo tu. Juu yake, kutoka kifundoni mpaka karibu na goti, kulikuwa na vumbi. Vumbi kavu, jeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Vumbi hili umelitoa wapi?"

Alijitazama miguu kana kwamba ameshitakiwa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na changu cha Pangani alikiona cha haraka mno. Nikarudia polepole. Akaelewa, akacheka, akaelekeza kidevu magharibi. "Kwetu. Kwetu jua."

"Leo? Saa hii?"

"Leo, jana, kila siku. Jua linatuchoma sisi." Hapo hakucheka.

Asubuhi ya siku aliyorudi sokoni nilikuwa namngoja na nguo zilizokamuliwa, mizigo miwili. Mume wangu alinikataza kwa sauti aliyokuwa nayo, ambayo haikuwa nyingi. "Utapotea. Utaibiwa nguo za Serikali." Nilimwachia uji na maji kando ya kitanda, nikamwomba mke wa jirani amchungulie, nikaondoka.

Yule mama alipakia mizigo yangu juu ya punda mahali palipokuwa na vibuyu vya maziwa. Tulishika njia ielekeayo Longido, tukapita huko ambako siku hizi panaitwa Sakina na wakati ule palikuwa vichaka na mashamba machache. Nilikuwa nimejifunika khanga mbili kwa baridi. Baada ya mwendo wa kama saa moja nilivua ya kwanza. Ardhi ilianza kubadilika chini ya miguu, tope likawa udongo mgumu, udongo mgumu ukawa vumbi. Kisha, pasipo dalili yoyote ya mpaka, tukatoka chini ya wingu. Nyuma yangu lilikuwa limejikusanya upande wa mlima unaotazama Kimandolu na Nkoaranga, jeusi, limelala juu ya msitu. Mbele yangu kulikuwa na anga la buluu tupu. Nilisimama njiani nikanyoosha uso juu nikafumba macho. Mama yule aliningoja. Baadaye aliniambia kwamba alidhani nasali.

Kwake kulikuwa na nyumba tatu za udongo na zizi lililozungushiwa miiba. Tulitandaza nguo juu ya miiba ile, kwa uangalifu, kila ncha ikishikwa na mwiba mmoja tu ili isichanike. Upepo ulikuwa ukishuka kutoka mlimani, mkavu, wenye nguvu. Kabla ya jua kufika utosini mashuka yalikuwa yamekauka, yananukia jua. Mbuzi mmoja alitafuna pembe ya kitambaa cha meza, nikakishona upya kikawa kifupi kidogo, na sijui kama mwenyewe aliwahi kujua.

Wakati tunangoja nilimwomba maji ya kunywa. Alinipa nusu ya kikombe cha kibuyu. Nikanywa nikamrudishia, nikiwa bado na kiu, nikitumaini ataongeza. Hakuongeza. Ndipo nilipotazama sawasawa: chungu cha maji kilikuwa kimefunikwa na kuwekewa jiwe juu, na ndama walilamba hori la mti lililokuwa kavu. Mfereji uliofika upande wao ulipita mashamba ya watu wengi kwanza, na zamu yao ilipofika mara nyingi kilichobaki ni utelezi.

"Mlima unakula mawingu yote upande wenu," alisema. "Sisi tunabakiziwa upepo."

Nikamweleza kwamba mimi nimekuwa nikiomba jua kila siku, tangu Juni. Akaniuliza, "Mnalitaka la kufanyia nini, na maji mnayo?" Nikamwambia habari za koti na viboko na kifua cha mume wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Kisha tukakubaliana pale pale, bila maneno mengi. Punda akija mjini na maziwa, angerudi na nguo zangu mbichi na vibuyu vile vile vimejaa maji ya mto wetu. Nami ningeanika kwenye miiba yake.

Hivyo ndivyo tulivyoishi Julai na Agosti. Nguo hazikuchelewa tena. Nilijifunza kumwamkia kwa lugha yake, *takwenya*, naye akaitikia *iko*, na nikaambiwa kwamba Mungu na mvua kwao ni neno moja, *Engai*. Nilimwambia kwetu mvua tunaiita rehema. "Basi maneno yanakaribiana," alisema.

Mume wangu alipoweza kuketi, nilimsimulia nilichokiona. Alikuwa na muda wa kufikiri, maana mgonjwa hana kingine. Siku moja alitazama juu kwenye bati letu, akasema, "Unyevu huu ni wa kwetu." Nikadhani homa imerudi. Akasema, "Sivyo. Upepo unatoka mashariki, unatoka baharini. Unakuja na maji kama nguo iliyoloa. Unafika mlimani, unapanda, kule juu kuna baridi. Inakuwa kama yale matone yako. Yote yanaangukia upande huu. Ukivuka upande wa pili upepo umeshakamuliwa." Nilicheka kumsikia dobi akikamua upepo, lakini nilifurahi pia kwamba akili yake imerudi kazini. Na sijapata maelezo mazuri zaidi hadi leo.

Tukangoja vuli. Wingu la baridi liliondoka, Septemba ikawa na jua hata kwetu, sikuwa na haja ya kwenda magharibi tena, lakini nilikwenda mara mojamoja kumpelekea maji. Oktoba ikapita. Novemba ikaanza na upepo, na upepo ulikuwa mkavu. Msafara uliofika kutoka Pangani ulitwambia kwamba hata kule hawajaona tone, minazi inadondosha vidaka, nazi changa zisizokomaa. Niliposikia hivyo nilikaa chini. Kama pwani hakuna, nani atatuletea?

Nguo zilikauka kwa muda wa kupika chai. Zilikakamaa kama ngozi ya ng'ombe, ikabidi nizinyunyizie maji kabla ya pasi. Mto ukapungua mpaka mawe ya kufulia yakasimama peke yake, na maji yakawa yanapita katikati, membamba, unaweza kuyaruka. Tulikuwa madobi watatu mahali pale, na tukaanza kusukumana ili kupata kidimbwi.

Asubuhi moja nilikuwa mtoni nasuuza, mume wangu ameketi ukingoni anatenganisha nguo, nikamwona yule mama anateremka. Hakuwa na punda. Alikuwa na kibuyu kimoja mkononi. Nilimwamkia, akaitikia kwa mkato, akaninyooshea kibuyu.

"Onja."

Nilionja. Ilikuwa sabuni. Chini yake kulikuwa na ule ukali wa buluu tunayotia kwenye nguo nyeupe ili zing'ae. Nilitema.

"Mfereji wetu unachukua maji huko chini," alisema, akaonyesha mahali mto unapopinda. "Zamani hatukujua mnafua. Maji mengi, yanakwenda nayo. Sasa maji ni haya tu. Ndama wawili wanaharisha. Mjukuu wangu pia."

Miezi yote ile nilikuwa nikimpelekea vibuyu viwili vya maji safi kwa punda wake, nikijiona mtu mwema, na huku mto wenyewe namchafulia. Nilianza kulia. Nikamwambia yote yaliyokuwa moyoni, kwamba mimi ndiye niliyeomba jua, niliomba sana, niliomba kwa machozi, na sasa tazama.

Aliniangalia kama anavyoangaliwa mtoto aliyejipaka majivu. "Wewe si mkubwa hivyo," alisema, "hata Engai akusikilize peke yako na sisi wote tunapiga kelele upande wa pili. Nyamaza. Jua si lako. Sabuni ndiyo yako."

Mume wangu alikuwa amesikia. Alisimama, bado anashika ubavu kila anaposimama, akamwambia, "Mama, tutafanya nini? Tusipofua mimi napigwa."

"Fueni. Msifulie ndani ya mto."

Lilikuwa jambo dogo kusema. Kulifanya maana yake kila tone la maji litekwe mtoni, lipandishwe ukingoni, limwagwe kwenye karai, nguo ifuliwe pale, isuuzwe kwenye karai la pili na la tatu, na maji machafu yachukuliwe mbali yakamwagwe penye ardhi kavu. Kazi ya siku moja ikawa ya siku mbili. Nilimtazama mume wangu nikijua kwamba mgongo utakaoteka maji hayo ni wangu, kwa sababu kifua chake hakikuweza. Naye alijua. Akasema polepole, "Unaweza?" Nikasema naweza. Sikuwa na hakika.

Madobi wenzetu wawili walitucheka. Mmoja alisema tangu lini Mdachi akajali wanywacho watu wa porini. Mume wangu hakugombana naye. Alimchukua, akamshusha mpaka kwenye ule mpindo wa mto ambako mfereji unaanzia, akamwambia ateke kwa kiganja anywe. Yule bwana alikataa kunywa, akasimama pale muda mrefu, kisha akapanda akaanza kuyatafuta makarai yake. Wa tatu alishika ubishi wiki nzima, mpaka wake za Waarusha walipokuja wanane kwa pamoja wakakaa juu ya mawe yake, wakakaa tu, bila matusi, tangu asubuhi hadi alasiri. Siku ya pili akahamia kwetu ukingoni.

Maji machafu tulimwaga penye migomba ya mwenye chumba chetu. Migomba ile peke yake ilibaki kijani mtaa mzima, na watu wakaanza kutuomba tumwage na kwao. Mikono yangu ilipasuka. Jioni nilishindwa kufunga ngumi. Lakini mtoto yule alipona, na ndama mmoja. Mwingine alikufa, na sikuwahi kujua kama ni kwa sabuni yetu au kwa njaa, maana nyasi nazo zilikuwa zimekwisha. Niliomba msamaha. Mama yule alisema ndama wengi wamekufa mwaka huu na hawezi kutafuta mtu wa kulaumu kwa kila mmoja.

Vuli haikuja kabisa. Tulikaa hivyo mpaka Machi. Siku mvua iliponyesha nilikuwa napandisha karai ukingoni, na kwanza niliisikia kabla sijaiona, juu mlimani, kama watu wanaotembea kwenye majani makavu. Ikashuka kupitia Nkoaranga, ikaja Kimandolu, ikatufikia. Hatukukimbia. Madobi watatu na mimi tulisimama tumelowa, na nguo za Serikali kwenye kamba zote zimelowa, na hakuna aliyezianua. Mume wangu alikuwa anacheka na kukohoa pamoja.

Njia ya magharibi ilikatika kwa mafuriko. Wiki tatu hakuna maziwa, hakuna punda. Nilipoweza kuvuka nilikwenda kwa miguu, bila nguo, kumtazama tu. Sikupatambua. Palipokuwa na vumbi palikuwa na majani mafupi, kijani kilichokolea mpaka macho yanauma, na nzi wengi, na harufu ya udongo na samadi. Mama yule alikuwa shambani na mabinti zake wanapanda mahindi, wameinama, hawana muda wa mgeni. Nilimwamkia kutoka kwenye mpaka wa shamba.

Akaitikia bila kuinuka. Kisha akasema, "Usisimame hapo kama askari. Jembe liko nyumbani."

Sikuwahi kulima maishani. Kwetu tulinunua nafaka. Nilichukua jembe, akanionyesha namna ya kupiga shimo, umbali wa hatua moja, mbegu tatu, funika kwa mguu. Mstari wangu ulikwenda upande, binti yake mmoja akacheka mpaka akakaa chini, na mama akasema mahindi hayajali kupinda. Tulipanda mpaka jua likashuka. Mwaka uliofuata alituonyesha kipande cha ardhi karibu na kwake, wazee wao wakakubali, na mume wangu akajenga. Kifua chake hakikurudi kama zamani, lakini upande ule mkavu ulimpa nafuu, akaishi miaka mingi zaidi ya tuliyotegemea. Mimi nililima, na nguo nikaziacha kwa wenye nguvu. Mahindi ya kwanza niliyoyavuna mwenyewe nilimpelekea yeye kikapu kimoja, akayakagua moja moja, akasema ni madogo, akaagiza yachomwe yote tukala.